Raba Zinakuuma? Anza na Pale Panapouma

Wateja wengi hufika mezani kwangu, soko la Kongowea, Mombasa, na jibu tayari. "Dada, nipe raba laini." Laini ndiyo dawa wanayoijua. Mimi siwapi kwanza. Nawauliza panauma wapi, na panaanza saa ngapi. Mwenye kuumwa na vidole saa kumi jioni na mwenye kuumwa na kisigino anapoteremka kitandani wana shida mbili tofauti kabisa, na raba laini yaweza kumfaa mmoja ikamzidishia mwenzake.

Nimeuza raba za mtumba miaka 11. Kila jozi inayorudi huigeuza, nikaitazama chini na ndani, kabla sijajibizana na aliyeirudisha, na nimejifunza mengi kwenye hizo kuliko kwenye zile zilizouzika zikaenda. Haya hapa ndiyo malalamiko ninayoyasikia, sababu ninazozikuta, na la kufanya. Mengi yanahusu Mombasa hasa. Raba za kwenye belo zilinunuliwa mara ya kwanza na watu wa nchi za baridi, mtu avaaye asubuhi na kuvua usiku. Sisi tunavua mlangoni pa kila nyumba, tunavua msikitini, tunatembea na jua la saa nane, tunakimbilia feri Likoni, kisha kiatu kinalala kwenye hewa yenye unyevu mwaka mzima.

"Asubuhi ilinikaa sawa, jioni inabana"

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na mara nyingi kosa ni saa ya kununua. Mguu huvimba kadiri siku inavyosonga, hasa kwa mtu wa kusimama, na joto huzidisha. Februari na Machi, mchana ukifika nyuzi 32 au 33, mwenye kusimama dukani tangu asubuhi ana mguu mwingine kabisa ifikapo jioni. Aliyejaribisha kiatu saa mbili asubuhi amenunua kiatu cha mguu uliotoka kulala.

Njoo baada ya alasiri. Njoo na soksi utakazovaa, si ukiwa peku ukisema utakadiria. Jaribu ukiwa umesimama, kwa sababu wayo hurefuka na kutanuka ukibeba uzito wako. Na jaribu miguu yote miwili: wengi wetu tuna mguu mmoja uliozidi mwenzake kidogo, na kiatu hununuliwa kwa ajili ya ule mkubwa.

Kabla ya kutoka nyumbani, jipime. Weka karatasi sakafuni, simama kisigino kikigusa ukuta, mtu akupigie alama mbele ya kidole kilichotangulia. Si lazima kiwe kidole gumba. Kwa wengine cha pili ndicho kirefu. Urefu huo kwa sentimita ndio namba yako. Hizo nyingine, 41 au 42 au 8, ni makadirio yake tu.

Nalisisitiza hili kwa sababu watu wananipigania namba. "Mimi ni 42, siku zote." Siku zote kwa kampuni gani? Tazama kibandiko kilicho chini ya ulimi wa kiatu: kuna US (Marekani), UK (Uingereza), EU (Ulaya), na CM au JP (sentimita). Namba za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita. Za Uingereza kwa theluthi ya inchi, yaani karibu milimita 8.5. Hatua hazilingani, basi kila kampuni hukata kivyake. Kwa mguu wa sentimita 27, Nike huandika 42.5 ya Ulaya na 8 ya Uingereza, ilhali Adidas huandika 42 na theluthi mbili, na 8.5 ya Uingereza. Mguu ni ule ule. Namba ya Marekani ya kike nayo huizidi ya kiume kwa moja au moja na nusu: 10.5 ya kike ya Nike ni sentimita 27.5, ya kiume ni 28.5. Kwenye rundo la mtumba, ambapo ya kike na ya kiume zimechanganyika, hapo ndipo mtu hudhani mguu wake umekua ghafla. Raba za Uchina huandikwa kwa milimita, kama 265 au 270, na huo ndio usomaji rahisi kuliko wote.

Hata hivyo sentimita za kibandiko ni za mguu unaokusudiwa, nazo ni mahali pa kuanzia tu. Ukitaka hakika, chomoa soli ya ndani, lile pedi, uliweke chini na ulikanyage. Mbele ya kidole kirefu kibaki kipande cha sentimita moja hadi moja na nusu, kiasi cha upana wa kidole gumba cha mkono. Kandoni nyama ya mguu isimwagike nje ya pedi. Ikimwagika, hicho kiatu kitakubana hata kama urefu umetosha.

Na ukiwa umelishika pedi hilo, litazame. Raba ya mtumba hubeba alama ya wayo wa mwenyewe wa kwanza: shimo la kisigino chake, mabonde ya vidole vyake. Ukivaa juu ya mabonde hayo, mguu wako unakanyaga pa mtu mwingine. Badilisha pedi. Ni badiliko dogo, na limewanusuru wateja wangu wengi kuliko kubadilisha kiatu chenyewe.

"Vidole vinawaka moto" na "ukucha umekuwa mweusi"

Ukucha mweusi ni damu iliyovia chini yake baada ya kidole kugonga mbele mara nyingi. Ama kiatu ni kifupi, ama ni kirefu lakini kamba zimelegea, mguu unateleza mbele kila unaposhuka. Wapandao feri kila siku wanaujua mteremko wa Likoni. Mtu huushuka akiharakisha, akigonga vidole hatua baada ya hatua. Kwanza kaza kamba sehemu ya juu, karibu na kifundo. Kidole kikiendelea kugonga, tafuta kiatu kirefu zaidi.

Kuungua pembeni, hasa kwenye kidole kidogo au kwenye kifundo kilichotokeza kando ya kidole gumba, ni shida ya upana. Hapa watu hukosea kwa namna moja: wanaongeza namba. Kiatu kikirefuka, upana huongezeka kidogo tu, ila kisigino sasa kinaogelea, na kiatu kinajikunja mahali ambapo mguu haujikunji. Umeondoa shida moja na kununua mbili.

Wengi wetu tumekua peku na kwa ndara, mguu umetanuka mbele kama ulivyoumbwa kutanuka. Hakuna ubaya wowote hapo. Ubaya ni kiatu chenye pua ya samaki chuchunge. Tafuta chenye mbele ya duara, inayofuata umbo la vidole. Baadhi ya kampuni, New Balance mojawapo, huandika upana kwa herufi: D ni wa kawaida kwa wanaume, B kwa wanawake, 2E ni mpana, 4E mpana zaidi. Dada mwenye mguu mpana, usione haya kuchagua raba ya kiume ya sentimita zako. Mara nyingi huwa pana kuliko ya kike ya urefu ule ule, na rangi nyeusi au nyeupe haina mwenyewe.

Kabla ya kutupa raba inayobana kandoni, zifungue kamba. Pale panapobana, usizipishanishe. Zipandishe moja kwa moja hadi tundu la juu, kila moja upande wake, ndipo uendelee kupishanisha. Kiatu hupumua hapo.

Ganzi au moto baina ya kidole cha tatu na cha nne, kama umekanyaga kijiwe kilichomo ndani ya soksi, mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa. Vaa kiatu kipana, chenye kisigino kisichoinuka sana, na ukiona wiki kadhaa zapita bila nafuu, kamwone daktari.

"Kinanichubua nyuma"

Hili ni letu sisi. Geuza raba kumi zinazoingia msikitini Ijumaa, utakuta kadhaa ambazo ukuta wake wa nyuma umelazwa chini, umekanyagwa kama ndara. Namwelewa mwenye kufanya hivyo. Anavua kiatu mara tano, sita, saba kwa siku, na kufungua kamba kila mara ni kazi. Lakini ndani ya ule ukuta kuna kipande kigumu kilichowekwa ili kukishika kisigino. Kikishavunjika hakirudi. Kisigino kinaanza kupanda na kushuka, ngozi inasuguliwa, lengelenge linatoka, na mtu anasema raba ni mbaya.

Mtumba kabla ya kuununua, bana ukuta huo kwa vidole viwili. Ukijikunja kama kitambaa, au ukisikia mkwaruzo wa plastiki iliyokatika, rudisha mezani. Pitisha na kidole ndani: bitana ikiwa imechanika nyuma na plastiki imechungulia, itakukata.

Kwa hiyo hapa Mombasa, mtu anaponiuliza raba nzuri ya kila siku ni ipi, sianzi na soli. Naanza na kuvua na kuvaa. Ikiwa wewe ni wa kuvua mara nyingi, chagua ya kuchomeka isiyo na kamba, yenye mpira ubavuni, au toa kamba za kawaida utie kamba za mpira zinazonyumbuka: unazifunga mara moja tu, kisha mguu unaingia na kutoka. Kijiko cha kuvalia viatu kiache karibu na mlango. Kuna pia raba zilizobuniwa hasa kwa kuvaliwa bila mikono, kama Nike Go FlyEase ya mwaka 2021 na Skechers za kuchomeka zenye kisigino kigumu kisicholala. Zikitokea kwenye belo huwa sizikawizi, nazitenga kwa ajili ya wazee na wajawazito.

Kama ukuta ni mzima na bado kisigino kinacheza, fanya hivi. Yale matundu mawili ya juu kabisa, ambayo wengi huyaacha matupu, yana kazi yake. Ingiza kila ncha ya kamba kwenye tundu la juu la upande ule ule, iache itengeneze kitanzi kidogo. Kisha pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta chini, funga. Kisigino kinanasa mahali pake, na vidole vinabaki huru.

"Hatua ya kwanza asubuhi ni kama msumari"

Mtu akiniambia kisigino kinamchoma anapoamka, kinapoa akishatembea kidogo, kisha kinarudi jioni, mimi hufikiria ule utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino kwenda vidoleni chini ya wayo. Umechoka, umevimba. Wanaoupata sana ni wa kusimama: walinzi, wahudumu wa hoteli, walimu, wauguzi, na sisi wa sokoni.

Sababu moja ni soli iliyokufa. Ile sponji nene ya katikati kwenye raba nyingi ni EVA, plastiki iliyojazwa vipovu vya gesi. Kila hatua inavibana. Mwanzoni hurudi, baadaye havirudi tena, ingawa kwa nje kiatu ni kisafi na mpira wa chini haujaisha. Wakimbiaji hukadiria kilomita 500 hadi 800 kwa jozi. Anayetembea hupata zaidi, maana hapigi chini kwa nguvu hiyo, lakini fanya hesabu: kilomita tano kwa siku, siku sita kwa wiki, ni kilomita 800 ndani ya miezi sita na ushei. Na kumbuka raba ya mtumba imeshatembea kabla haijakufikia. Tazama ubavu wa sponji: mikunjo midogo ya mlalo iliyojipanga kama ngozi ya shingo ya mzee ni dalili ya vipovu kulala. Bonyeza kwa kidole gumba kutoka ndani, pale pa kisigino. Ikizama ikarudi, ingali hai. Ukihisi ubao, imekwisha, hata kama ni ya kamera, zile zinazochaguliwa kwanza belo likifunguliwa.

Sababu ya pili wengi hawaifikirii: ndara za nyumbani. Mchana kutwa uko kwenye raba yenye kisigino kilichoinuka milimita nane hadi kumi na mbili, usiku na wikendi nzima uko kwenye ndara bapa juu ya sakafu ya saruji. Ule utando na kano ya nyuma ya kisigino vinavutwa na kulegezwa kila siku. Wakati maumivu yangalipo, vaa nyumbani kitu chenye unene kidogo. Raba bapa za turubai, mfano wa Converse, ni nzuri kwa matembezi ya jioni ufukweni Mama Ngina. Kwa mwenye kisigino kinachouma si za kusimamia kutwa.

Hapa ndipo "laini" huwapoteza watu. Raba laini mno huufanya mguu kuyumba, na misuli midogo hufanya kazi ya ziada kuusawazisha. Ninayempa mwenye kisigino ni ile inayobonyea kidogo kisigino, lakini ukijaribu kuizungusha kama unakamua nguo, inagoma. Ukiikunja, ijikunje pale nyuma ya vidole. Ikijikunja katikati ya wayo kama daftari, haina mgongo, iache.

Pamoja na kiatu, nyoosha shavu la mguu: mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, hesabu thelathini, mara kadhaa kwa siku. Na chupa ndogo ya maji iliyoganda kwenye friji, uibingirishe chini ya wayo jioni. Nafuu huja polepole, kwa wiki na miezi, kwa hiyo usikate tamaa siku ya nne.

"Miguu inaungua, na ikitoka humo, wacha tu"

Jasho lenyewe halina harufu kubwa. Harufu huletwa na bakteria wanaolila jasho na ngozi iliyokufa ndani ya kiatu kisichokauka. Basi dawa ni kukausha, na kupulizia manukato hakukaushi.

Jaribio la mezani: iweke raba mdomoni upande wa juu wa vidole, vuta soli ya ndani pembeni, pulizia. Hewa ikipita, ni ya wavu wa kweli. Isipopita, ni plastiki iliyochorwa ionekane kama wavu, au ngozi ya bandia, na wewe unayepanda tuktuk saa saba mchana kwenda Bombolulu utaipika miguu. Soksi za pamba tupu hunywa jasho zikakaa nalo. Zilizochanganywa na nyuzi za poliesta hukauka haraka zaidi. Kuvaa bila soksi ni kukipa kiatu jasho lote.

Kisha kuna jambo la udhu. Mtu ametawadha, amesali, miguu ingali na maji baina ya vidole, anaingiza kwenye soksi na kufunga kamba. Hiyo ndiyo nyumba ya fangasi: ngozi nyeupe iliyolowa, inayowasha, inayopasuka baina ya kidole cha nne na cha mwisho. Beba kitambaa kidogo, futa baina ya vidole kabla ya soksi. Fangasi ikiwa imeshaingia, krimu ya klotrimazoli au tabinafini ya duka la dawa huitibu, mradi umalize siku ulizoambiwa hata kama mwasho umekoma, na ukaushe viatu vilevile, la sivyo vitakurudishia.

Uwe na jozi mbili, upishanishe. Raba iliyoloa jasho inahitaji siku nzima kukauka, na mwezi wa Mei, wenye mvua nyingi kuliko miezi yote hapa kwetu, inahitaji zaidi. Legeza kamba, toa pedi, jaza karatasi za gazeti, weka mbele ya feni, kivulini. Usianike juu ya mabati. Jua la mabati hulegeza gundi na kukausha sponji, na soli nyeupe hugeuka manjano. Na kama kwenu mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji yasiyo na chumvi, ya mfereji au ya mvua. Ile mistari myeupe inayobaki ubavuni ni chumvi.

"Nilikuwa nimeihifadhi, imevunjika kama keki"

Mama mmoja aliniletea raba ya mwanawe. Aliinunua kwingine, ikapendeza mno, akaiweka ndani ya boksi chini ya kitanda Majengo ili kijana aivae siku kubwa tu. Miaka ikapita. Siku ya harusi ya dada yake kijana akaivaa, na kabla ya kufika ukumbini soli ilikuwa inamdondoka nyuma yake vipande vipande barabarani. Mama alikuwa na uchungu wa kweli. Alidhani amefanyiwa uchawi au ameuziwa bandia. Haikuwa bandia.

Kuna soli za katikati zinazotengenezwa kwa poliurethani. Ni nzito kidogo kuliko EVA, hudumu sana zikivaliwa, hazilali upesi. Lakini nyingi za aina hii zina adui mmoja, nao ni maji. Hazihitaji kuloweshwa; mvuke wa hewani unatosha. Maji huingia polepole na kuvunja minyororo inayoishikilia plastiki, na joto huharakisha. Mwisho wake sponji huwa ya kunata, kisha yenye nyufa, kisha unga. Wakusanyaji wa raba za zamani wanalijua hili: Air Jordan 3 ya 1988 na Air Jordan 4 ya 1989 zilikuwa na soli ya kati ya poliurethani, na jozi za miaka hiyo humeguka hata kama hazijawahi kuguswa na mguu. Na kama huko kwenye hewa kavu hali ndiyo hiyo, sembuse hapa kisiwani.

Ndiyo maana raba ya mtumba inayong'aa kama mpya inanitia wasiwasi kuliko iliyochakaa kidogo. Huenda imekaa kabatini miaka kumi. Ikague hivi: ikunje kwa nguvu mara tatu hapo hapo mezani, sikiliza. Mlio wa kukatika ni kwaheri. Chora kwa ukucha kwenye sponji mahali pasipopakwa rangi. Ikitoka punje, iache. Pitisha kidole, ikinata kama sukari iliyoloa, iache. Muuzaji anayekukataza kukunja kiatu, muulize anaogopa nini.

Tofautisha na kubanduka. Soli iliyobanduka nzima nzima, sponji ikiwa imara, ni gundi tu iliyochoka kwa joto, na fundi viatu huisafisha, huipaka gundi, huibana na kuishona pande zote. Hata mpya wengi wetu huwapelekea mafundi washone kabisa, na ni busara kwa raba zenye soli ya bakuli, ile inayopanda ubavuni. Ila ikiwa ina mfuko wa hewa unaoonekana, mwonyeshe fundi mahali ulipo, kwa maana sindano ikiutoboa kiatu kinakaa upande. Iliyokuwa unga, hakuna gundi itakayoshika unga. Fundi anaweza kubadilisha soli yote, na hapo uamue kama kiatu kinastahili gharama hiyo.

Mwenye raba anayoipenda, asiifungie ndani ya mfuko wa plastiki. Iweke kwenye rafu yenye hewa, na aivae. Mama yule nilimwambia hilo, akasema laiti kijana angeivaa madrasa na shule mpaka ikaisha.

"Nateleza"

Mpira wa chini ukizeeka hukauka na kung'aa. Chomeka ukucha: wenye uhai hukubali alama kisha huirudisha, uliokauka hugoma kama kioo. Tazama na sehemu ya mbele, chini ya vidole. Ikiwa laini bila mistari, hiyo si raba ya kuvuka nayo feri mvua ikinyesha, wala ya kuingilia soko la samaki au sakafu za vigae zilizopigwa deki. Sponji tupu bila mpira chini, ambayo ni nyepesi sana na inauzwa sana, huteleza kwenye vigae vyenye maji na huliwa haraka na lami.

"Magoti yananiuma tangu niinunue"

Ziweke raba mezani, uzitazame kwa nyuma. Zikisimama wima, vizuri. Zikiegemea ndani au nje kama jahazi lililopwelewa, mwenyewe wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na sasa kiatu kinakulazimisha uufuate. Kuisha kidogo upande wa nje wa nyuma ya kisigino ni kawaida kwa watembeaji wengi. Kuisha upande mmoja mpaka sponji imeonekana si kawaida. Hapo hakuna pedi wala kamba itakayosaidia. Na kama raba zako zote, mpya na kuukuu, zinalala upande ule ule, basi mwendo ni wako, na mtaalamu wa viungo akutazame ukitembea.

Pale ambapo kosa si la kiatu

Mwenye kisukari, usinunue kiatu kwa kusikiliza mguu, kwa sababu mguu wenyewe huenda umeacha kusema. Ganzi huingia kimyakimya, na lengelenge dogo hugeuka kidonda. Pitisha mkono ndani ya kiatu kila siku kabla ya kuvaa, utafute kijiwe, mshono uliotokeza, msumari. Tazama nyayo zako usiku, au mtu akutazamie. Kidonda chochote, hata kisichouma, kipeleke kliniki siku hiyo hiyo.

Miguu yote miwili inayovimba na isiyoshuka hata baada ya kulala, ni ya kwenda kupima presha, moyo na figo. Mguu mmoja uliovimba ghafla na shavu lake linauma, nenda hospitali bila kungoja kesho. Wajawazito, miguu yenu yaweza kuongezeka namba na isirudi baada ya kujifungua. Pimeni upya, msijilaumu.

Siku mbili za kwanza

Ukishachagua, usitoke nayo. Ivae ndani, sakafu safi au juu ya mkeka, nusu saa jioni ya kwanza, saa nzima jioni ya pili, ukiwa na soksi, ukipanda na kushuka ngazi kama zipo. Wanaosema kiatu "kitazoea" huwa nawaambia jambo moja tu: ngozi ngumu hulainika kidogo, lakini upana na urefu havizoei. Kinachokubana sebuleni kitakubana mara tatu kwenye foleni ya feri. Jozi ikirudi kwangu kabla ya siku tatu, soli ikiwa safi, nambadilishia mtu bila swali jingine ila lile la kwanza: panauma wapi, na palianza saa ngapi.